Gundi ya Mwalimu wa Chuma

Nimewajua watu wengi waliohangaikia mambo yasiyowahusu, lakini ni mmoja tu aliyebuni kifaa cha visima vya mafuta katikati ya majani chai. Mafuta tuliyoyajua sisi pale karibu na Sosiot yalikuwa ya kupikia, ya taa na ya kujipaka. Yeye alikuwa na mafuta yake mengine, yaliyo chini kabisa ya ardhi ya watu wengine, ng'ambo huko, na katika ile miaka ya tisini aliyatumikia kwa bidii kuliko alivyomtumikia mwajiri wake.

Jina lake silitaji. Ukoo wake pia siutaji, maana watu wa kwetu ukishawapa ukoo wanaimaliza hadithi wenyewe kabla hujafika katikati. Tulimwita Mwalimu wa Chuma, kwa kuwa alifundisha kuchomelea na kukereza vyuma katika chuo kidogo cha ufundi ambako mimi nilifundisha ushonaji. Mimi niliitwa Madam wa Cherehani. Mlango wake na wangu ilitazamana, katikati ukiwepo uwanja wa nyasi na pampu ya mkono ya kisima cha chuo. Kwa hiyo niliyoyaona niliyaona vizuri, na niliyoyasikia niliyasikia vizuri zaidi. Hilo la kusikia nitalirudia, nisije nikajifanya nimelisahau.

Nianze na mlango wake, kwa sababu yeye mwenyewe alianza kila kitu mlangoni. Karakana ile ilikuwa na kufuli tatu, moja juu, moja katikati, moja chini, na kila asubuhi alizifungua kwa utaratibu huo huo huku wanafunzi wamesimama kwenye ukungu wakipuliza vidole. Ukuta wa nyuma ulikuwa wa mbao, na mbao nne zilikuwa zimeoza zikaanguka. Mvua ikinyesha, mbuzi wa jirani waliingia kwa nyuma wakalala juu ya mashine ya kukerezea. Nilipomwambia, alinitazama kama mtu anayeambiwa jambo la kitoto.

"Madam, mwizi anapitia mlango. Pana mlango, nyumba itajipana yenyewe."

Alikusudia kusema "bana". Alikuwa Mkipsigis, na kwake b na p zilikuwa mapacha ambao hata mama yao hawatofautishi, g na k vilevile. Wanafunzi wapya walipoambiwa "pana mlango" walikimbia kuufungua wote, wakafokewa mpaka masikio yakawasha. Mimi nilizaliwa katika laini, zile nyumba za safu za wachuma majani chai, lakini wazazi wangu walitoka upande wa ziwa, na b yangu ilikuwa b, g yangu ikawa g. Niliringa na ulimi huo kupita kiasi. Saa nne, tukinywa chai katika ofisi ya walimu, nilimwiga kabla hajaingia, na meneja wa chuo alicheka mpaka akatoa miwani. Sh yangu ilikuwa na kasoro zake, lakini hiyo sikupenda ikumbushwe. Siku moja aliingia katikati ya maigizo, akasimama mlangoni, mahali pake pa kawaida, akasema polepole, "Endelea kusona, Madam." Siku mbili sikumwiga.

Hiyo "bana mlango" aliitumia kwa kila jambo chini ya jua. Alifunga kifungo cha juu cha shati hata cha chini kikiwa hakipo. Siku ya kwanza ya muhula aliwahoji wanafunzi mlangoni kama askari wa mpakani, jina, kijiji, kanisa, sababu ya kuzaliwa. Baada ya wiki tatu hakujua nani yumo na nani ametoroka kwenda kuchuma chai. Mkewe alikuwa na kibuyu kizuri cha mursik, yale maziwa ya kugandishwa, kibuyu cha kurithi, na kifuniko chake kilikuwa kimelegea kidogo. Mwalimu wa Chuma alikichukua kwenda nacho karakana, akakivalisha pete ya chuma shingoni na kuikaza kwa koleo. Kibuyu kilipasuka pale pale penye pete, maziwa yakamwagika kwenye viatu vyake. Juma zima lile alikula kantini, na tukimuuliza habari za nyumbani alisema mkewe anasafisha jikoni.

Msidhani alikuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililonichosha kwake. Cherehani yangu moja ilipovunjika kikombe cha bobini, kile kinachoshika uzi wa chini, niliandika barua tatu kuomba kingine, na majibu yakawa salamu. Asubuhi moja nilikuta mezani kwangu kitu kidogo kimefungwa katika gazeti kuukuu. Kilikuwa kikombe cha bobini, kimekerezwa kwa mkono, kimepigwa tupa mpaka kikang'aa, na kiliingia mahali pake bila kelele. Nilivuka uwanja kumshukuru. Alikana kabisa. Akasema yeye hana wakati wa vitu vya sindano, akaniuliza kama darasa langu limekosa kazi. Cherehani ile ilishona miaka yote niliyobaki pale.

Sasa sanduku. Chuo kiliandika kwa kanisa fulani la ng'ambo kuomba cherehani sita, na barua niliiandika mimi kwa mkono wangu. Baada ya mwaka na zaidi likaja sanduku refu la mbao, la kutosha kuzikia mtu. Tulilipokea kwa nyimbo. Wasichana wangu walivaa sare. Meneja akang'oa misumari, na ndani mlikuwa na fito za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa, unene wa kidole gumba, laini, za rangi ya kitunguu kilichokaangwa kidogo. Cherehani hata moja haikuwemo. Watu wale wema waliishi penye visima vya mafuta, nao walitutumia walichokuwa nacho: mabaki ya fito zinazovuta mafuta kutoka chini, ambazo ncha zake zilikuwa zimekatwa. Juu yake waliweka kitabu cha picha za mashine. Mimi nililia kweli, mbele ya wanafunzi. Mwalimu wa Chuma naye machozi yalimlenga, lakini ya kwake yalikuwa ya furaha.

"Madam," aliniambia, amekumbatia ufito mmoja, "hii ni maisha."

Nilimwambia achukue maisha yake aondoke nayo mlangoni kwangu.

Lazima nieleze jambo lenyewe, na nitalieleza kama alivyonieleza yeye, mara mia moja. Ufito wa faiba ni mwepesi na hauli kutu. Lakini huwezi kuukata hesi, ile mizunguko ya skrubu, mwisho wake ukaufungia mwingine, kwa kuwa nyuzi zake zinachanika. Kwa hiyo kila mwisho unavalishwa kofia ya chuma. Ndani ya kofia kuna vyumba vitatu vinavyofuatana, kila kimoja kama faneli iliyoelekeza shingo yake mdomoni mwa kofia. Unamimina gundi, unasukumia ufito ndani, unangoja ikauke. Gundi ikikauka inakuwa kabari tatu, na ufito ukivutwa kabari zinaubana. Ukivutwa zaidi, zinabana zaidi. Ndiyo siri yote.

"Watu wa mafuta wako na fito," alisema. "Shida yao ni mwisho ya fito. Mwenye atashika mwisho, ameshika kisima yote."

Alikata picha ya kofia katika kile kitabu akaibandika ukutani, akaanza kuwaandikia wenye mafuta. Barua alinipa mimi nizipige tapureta. Juu kabisa, mahali pa anwani, alitaka iandikwe "Idara ya Mafuta, Sosiot". Niliandika hivyo hivyo, nikamsomea meneja kwanza, tukacheka, ndipo nikaitia katika bahasha. Alipata jibu moja tu katika miaka yote hiyo, kalenda yenye picha za visima. Aliitundika karakana, na mwaka ulipokwisha hakuiondoa, akawa anahesabu siku za mwaka mpya kwa kalenda ya mwaka uliopita na kukasirika Jumapili zilipokataa kuangukia mahali pake.

Kama mambo yangebaki ukutani ningemcheka mpaka leo kwa moyo mweupe. Lakini palikuwa na ile pampu. Maji ya kisima chetu yalikuwa yanakula chuma. Fito za zamani, za chuma, zilikuwa nzito na zimeliwa na kutu, na ili upate ndoo moja ya maji ya rangi ya chai ya rangi, wasichana wawili walining'inia kwenye mkono wa pampu kama nguo. Nasema wasichana, maana katika chuo kile maji waliteka wasichana. Wavulana wa chuma walikunywa. Pampu ikikataa, wasichana waliteremka mtoni, na kijito kilikuwa mbali, kilima cha kurudi kimesimama. Darasa langu lilianza saa mbili likiwa nusu, likajaa saa nne, wote wamechoka na miguu ina tope. Mtihani wa serikali wa ufundi haukuuliza nani ameteka maji. Nilichotaka mimi kilikuwa kimoja tu: wasichana wangu wawe kwenye cherehani asubuhi, si mtoni.

Kwa hiyo Mwalimu wa Chuma alipotangaza katika kikao cha walimu kwamba ataziingiza fito za faiba katika kisima chetu, "kama majaribio ya mafuta", nilisimama. Nikasema sawa, lakini zikishindwa, wavulana wake watateka maji muhula mzima. Alipiga meza kwa kiganja. "Nimekupali," akasema.

Wazazi waliitwa kuelezwa. Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi wa vikao, kwa sababu ya mwandiko wangu. Mwenyekiti wa wazazi alikuwa mzee mmoja mpole mwenye shamba la chai na ng'ombe watano, mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho. Mwalimu wa Chuma alisimama na kofia moja mkono wa kushoto na mkebe wa gundi mkono wa kulia.

"Wazazi," alisema, "watu wanafikiri chuma ndio inashika. Hapana. Chuma ni nyumba tu. Kitu inashika ni kundi. Kundi ikiwa tayari, hakuna kitu itatoka. Lakini kundi ikiwa mbaya, ata ulete chuma ya reli, itaachana."

Wazee walifumbua macho. Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Ilikuwa miaka ambayo watu walikuwa wamechoka na mambo ya kugawanyika, na hapa amesimama mtu wa vyuma anasema kinachoshika ni kundi. Walimpigia makofi wamesimama. Hapo hapo pakaundwa Kundi la Maji, na yeye akachaguliwa kuliongoza. Nilimwona alivyotazama mkebe wake, akawatazama watu, akafungua kinywa. Kisha akaupeleka mkebe taratibu nyuma ya mgongo. Mtu aliyeweza kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la unene wa karatasi katika kipimo alikubali sifa isiyokuwa yake, na ilimpendeza.

Nami niliandika nini katika daftari? Niliandika, "Mwalimu alisema kinachoshika ni kundi." Kwa k. Nikapiga mstari chini yake, ili meneja akiona acheke.

Alikereza zile kofia miezi miwili. Kabla hajazimwagia gundi aliniletea moja ofisini, imepasuliwa katikati nione vyumba vitatu. Chumba cha mdomoni, pale ufito unapoingilia, ndicho alichokibana kuliko vyote. Vile vya ndani alivilegeza.

"Mbona umekaza hapa mlangoni?" nilimuuliza.

"Pana mlango," alisema, bila hata kufikiri.

Basi nikamweleza ninachokijua. Nilimwambia mwanafunzi mgeni akishona shati, huogopa mshono utaachia, hivyo anapiga nyuzi fupi fupi, karibu karibu, pale mkono unapoungana na bega. Mshono hauachii kweli. Kitambaa ndicho kinachochanika, kando yake, kwa kuwa ameking'ang'ania mahali pamoja mpaka kikawa kama karatasi ya stempu. Nikamwambia, "Shika sana ndani, lakini hapo mwanzo ulegeze kidogo, ufito upumue."

Alikirudisha kipande chake mfukoni. "Madam, nguo ni nguo. Chuma ni chuma." Akatoka, akaufunga mlango wa ofisi nyuma yake, mlango ambao hatukuwa tukiufunga.

Cha kuudhi ni kwamba ulimi wake ulikuwa unalisema jibu kila siku. Pana, pana, pana. Mikono yake ndiyo iliyokataa kusikia.

Siku ya kuziingiza fito, Kundi la Maji lote lilifika, wamebeba mgongoni kokoto za kuzungushia kisima. Fito za chuma zilitolewa, na kabla ya jioni Mwalimu alikuwa amezikata na kuzichomelea kuwa nondo za mlango wa karakana, juu ya zile kufuli tatu. Za faiba zikashuka moja baada ya nyingine, kofia kwa kofia. Kisha msichana mmoja wa darasa langu, mdogo wa umbo, akaushika mkono wa pampu. Aliusukuma kwa mkono mmoja. Maji yakaja meupe. Sina haya kusema nilifurahi mpaka nikamshika Mwalimu wa Chuma begani, naye akasimama wima kama anapigwa picha.

Siku tano darasa langu lilijaa saa mbili kamili. Siku ya sita, mkono wa pampu ulianguka chini bila uzito wowote, na huko ndani tukasikia fito zikigonga kuta za kisima zikienda zake.

Walivuta kilichobaki. Ufito ulikuwa umekatika mdomoni mwa kofia, sawasawa, kama muwa uliovunjiwa gotini. Ndani ya kofia gundi ilikuwa nzima. Fito za zamani zilikuwa mlangoni kwake, zimekuwa nondo. Kwanza tulikuwa na pampu nzito. Sasa hatukuwa na pampu kabisa. Wazazi walikuja, wakasimama kuzunguka kisima, wakimngoja mkuu wao aseme. Mkebe ulikuwa miguuni pake. Alikuwa amekauka uso.

"Kundi ndio imeharibu," alisema. "Mimi nilifanya kazi yangu. Kundi ilikuwa tuni."

 Duni, alitaka kusema, lakini hilo hata mtoto alilielewa. Mwenyekiti wa wazazi alifumbua macho yake, hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, nikiwa na daftari kifuani.

"Madam," aliniuliza kwa upole, "wewe umesikia amesema nini?"

Nilisikia vizuri. Nilijua ni gundi, na nilijua hata gundi haikuwa na kosa. Lakini nyuma ya wale wazee niliwaona wasichana wangu wamekwisha kuokota ndoo, wanateremka mtoni, nami kwa hasira nikalibana daftari. Kumwokoa kungenigharimu herufi moja.

"Nimesikia alivyosema," nilijibu. "Nimeandika hivyo hivyo."

Mzee alitikisa kichwa mara moja. Mama aliyepiga kigelegele alimwuliza Mwalimu, je, wao wameharibu nini, wao waliobeba kokoto kwa mgongo. Alijaribu kueleza, akasema "kundi ya mkebe", lakini kelele zilikuwa zimepanda. Wakamwondoa kwenye uongozi pale pale uwanjani. Mwisho wa mwezi aliacha kazi. Aliondoka na fito alizofaulu kuzivua kisimani na zile zilizobaki sandukuni, amezifunga kwa kamba begani, na kalenda yake kwapani. Karakana aliiacha imefungwa kufuli zote tatu na funguo akaenda nazo. Wavulana wakawa wanaingia kwa nyuma, pamoja na mbuzi.

Kuhusu maji, wavulana waliteka siku nane. Halafu wakawa na mitihani, wakawa na majeraha ya kuchomelea, wakawa na mila. Ndoo zikarudi kwa wasichana, na zikakaa kwao karibu miaka minne. Nilifundisha nusu darasa mpaka saa nne, na kila nilipochungulia dirishani niliona mkono wa pampu umelala.

Mwishoni mwa miaka hiyo nilikwenda Kimulot kumwona mwanafunzi wangu wa zamani aliyefungua duka la kushona. Jirani yake palikuwa na kibanda cha fundi. Kabla sijasoma kibao niliona kufuli tatu zimening'inia mlangoni, nikajua. Alikuwa ameketi ndani akikaza jembe kwenye mpini. Nywele zilikuwa nyeupe, kifungo cha juu kimefungwa.

"Chamgei, Madam wa kusona."

"Chamgei mising, Mwalimu."

Hakuniuliza habari za chuo. Aliinuka, akatoa chini ya meza kofia iliyopasuliwa katikati, akaniwekea mkononi. Vyumba vilikuwa vile vile vitatu. Kile cha ndani kabisa ndicho kilichobana, cha katikati kimelegea kidogo, na cha mdomoni kimeachiwa nafasi ufito uingie taratibu.

"Mdomo ni pana," alisema.

"Pana au bana?"

Alicheka, mara ya kwanza kumsikia akicheka mwenyewe. "Pana. Pana ya kweli." Akaniambia walifunga ufito kwenye mti upande mmoja na trekta ya jirani upande mwingine, trekta ikavuta, na kilichokatika ni mnyororo. Akaongeza, akiwa ameligeukia jembe lake, kwamba siku moja alikuwa amevaa shati la zamani na likachanika begani, kando ya mshono, na alikaa na shati lile mkononi asubuhi nzima.

 Nilimwambia wasichana bado wanateka mtoni. Alikwenda nyuma ya kibanda akarudi na fito zilizofungwa vizuri, kila moja ina kofia zake mbili, zimepakwa grisi. Zilikuwa zimekaa tayari muda mrefu, vumbi lilinionyesha.

"Peleka. Fundi yoyote anaweza kuingisha. Mimi siendi huko." Kisha akasema, "Na uwaambie kundi haikuwa na makosa. Makosa ilikuwa yangu. Nilipana mahali si ya kupana."

Nikamwuliza, na sauti yangu ilikuwa ndogo, "Niwaambie gundi ya mkebe, au kundi la watu?"

Alilichukua tena jembe lake.

"Madam," alisema, "wewe ndio mwandishi."

Fito ziliingizwa katika kisima chetu wiki iliyofuata. Mkono wa pampu ulikuwa mwepesi tena, maji yakaja meupe, na siku ya sita ikapita, ya kumi ikapita, mwezi ukapita. Wazazi walipokutana kufunga muhula, niliomba nafasi, nikasimama na daftari langu la zamani.

"Mwalimu wa Chuma amenituma," nilisema. "Anasema kundi halikuwa na makosa. Kundi kwa k, ninyi wazazi. Na siku ile kisimani hakuwatukana. Alisema gundi, ile ya mkebe. Mimi nilisikia."

Nilingoja wanung'unike. Hakuna aliyenung'unika. Mwenyekiti, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alifumbua macho.

"Madam, sisi wote hapa tunaongea kama yeye. Kwetu hiyo maneno mbili ni moja. Siku ile tulijua ni ya mkebe. Nani angekosa kujua? Si mkebe ilikuwa hapo kwa miguu yake! Lakini wewe ndio ulikuwa na masikio mzuri na kalamu, ndio nikakuuliza. Ukasema umeandika hivyo hivyo. Tukasema, basi Madam amesikia kitu sisi hatukusikia."

Nje msichana mmoja alikuwa akipiga pampu kwa mkono mmoja. Nilifungua daftari niandike alivyosema mzee, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, nikaisogeza kalamu kwenye karatasi, na nikakosa neno la kuanzia, si la g wala la k.